Ufa Nyuma ya Altare

Vijana wangu mnaoanza kushika mwiko, mwalimu wenu ameniomba niwaeleze jinsi ya kujenga tao. Nitawaeleza. Lakini kwanza niwasimulie nilivyokaribia kuua watu kwa ndoo moja ya chokaa. Si chokaa yenye sumu, ni ile ile nyeupe ya kupaka ukutani.

Mimi ni Ramadhani, mzaliwa wa Kilosa, Mwislamu, mwana wa Mwislamu. Uashi nilijifunza wakati inajengwa reli ya kutoka huku kwetu kupita Mikumi kwenda Kidatu. Aliyenifundisha ni fundi mmoja mkongwe, Mzee Chande, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Tulikuwa tunajenga makalvati ya mawe, yale mapito ya maji chini ya reli. Tao likikamilika, Mzee Chande aliamuru mbao zilizolishikilia zitolewe huku fundi aliyelijenga amesimama chini yake. Mara yangu ya kwanza nilifumba macho mpaka mbao ya mwisho ikatoka. Tao halikuanguka. Mzee Chande akasema, "Umeogopa?" Nikasema, "Sana, Mzee." Akasema, "Vizuri. Siku utakapoacha kuogopa, rudi nyumbani ukalime."

Basi nikapata sifa ya kujua matao. Ndiyo maana, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa, nikaitwa kwenye kanisa moja la mawe kati ya Kilosa na Mikumi. Jina lake sitalitaja, wajukuu wa wale watu bado wanasali pale.

Aliyeniita ni Padre Deodati, padre kijana, Mwafrika wa kwanza kuwa paroko pale. Alinichukua mpaka ndani, akanionyesha mbele. Kanisa lile lilikuwa refu, na mwisho wake kulikuwa na tao kubwa la mawe. Ng'ambo ya tao, juu kwa ngazi tatu, ndiko kulikokuwa na altare, imegandana na ukuta wa mwisho, ule ule ambao tao liliuegemea. Mbele ya ngazi palikuwa na ukuta mfupi wa kufika kiunoni, waumini walipiga magoti hapo kupokea komunyo. Sehemu yote iliyo ndani ya ukuta ule waliiita patakatifu.

"Zamani padre alisali akiwapa watu mgongo," Padre Deodati akaniambia. "Sasa Kanisa limebadilisha. Padre anatakiwa awatazame watu. Nataka uitoe altare ukutani, uijenge upya katikati, niweze kuizunguka. Na ukuta huu mfupi uondoke. Askofu anakuja baada ya Pasaka kuwapa watoto kipaimara. Iwe tayari."

Nikasema itakuwa tayari. Nilikuwa na umri wa miaka kama thelathini. Katika umri ule kila kitu kitakuwa tayari.

Nilipotaka kuvuka ule ukuta mfupi nikapime, sauti ikaniita kutoka nyuma. "Wewe! Simama hapo hapo!"

Alikuwa Mzee Anselmi, katekista. Alifundisha dini pale tangu wakati wa Wajerumani, au ndivyo watu walivyosema. Mzee mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Huko haingii mtu ovyo. Hata mke wangu hajawahi kuingia huko, na tumeoana humu humu."

"Sasa nitabomoaje nisipoingia?"

Alimtazama Padre, Padre akatazama chini. Kesho yake walifanya utaratibu wao. Padre alitoa ekaristi kwenye kisanduku chake, akaipeleka kwenye kikanisa cha masista. Akazima taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka daima. Akachomoa kijiwe bapa kilichokuwa juu ya altare, akakifunga kwa kitambaa cheupe, akaniambia ndani yake kuna masalia ya mtakatifu. "Mfupa?" nikauliza. "Mfupa," akasema. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Sasa ni chumba tu," Padre akasema. "Ingia."

Mimi nikavua viatu. Sikujua namna nyingine ya kuingia mahali pa ibada. Nikafanya kazi siku ya kwanza peku juu ya vipande vya mawe, nikakatika nyayo zote mbili. Jioni Mzee Anselmi alinitazama nikichechemea, akaondoka bila neno. Asubuhi yake nikakuta kando ya ngazi pea ya makubazi ya tairi, mapya, yamewekwa sawasawa. Hakuwahi kusema ni nani aliyeyaweka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipokosea.

Altare ile ilikuwa imejengwa na Bruda mmoja wa Kizungu ambaye wakati ule alikwisha kurudi kwao. Nilipoanza kuitoa mawe nikaona ajabu. Mawe hayakuishia sakafuni. Yalikwenda chini, futi nne, futi tano, na kwa nyuma yalikuwa yamefumwa ndani ya ukuta wa mwisho kama vidole vya mikono miwili. Nilijiuliza: kwa nini mtu ajenge meza yenye mizizi? Nikajijibu: Wazungu wana mambo yao. Nikaendelea kugonga tindo.

Mzee Anselmi alikuwa amekaa benchi la mbele, kama alivyokaa kila siku, akinitazama kama mtu anayelinda maiti. Akasema, "Bruda alikuwa akituambia, altare hii ndiyo inayolishika kanisa."

Nikacheka kimoyomoyo. Nikadhani ananihubiria.

Nikatoa jiwe la mwisho Ijumaa moja. Nikafukia shimo. Nikajenga altare mpya katikati, nzuri, ya mawe ya mtoni, na Padre akaizunguka mara mbili akicheka kama bwana harusi. Ukuta mfupi tukauondoa. Likabaki juma moja Askofu afike.

Ndipo masika ikafungua mlango. Mvua ilinyesha Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nyie wa Kilosa mnaijua. Na ardhi ya pale ni ule udongo mweusi wa mbugani, wakati wa kiangazi unapasuka mpaka kuku anapotelea humo, na ukilowa unavimba kama unga wa maandazi.

Jumatano asubuhi niliingia kupaka chokaa ukuta wa mwisho. Mahali ilipokuwa altare ya zamani niliona ufa. Ulianzia sakafuni, ukapanda ukutani kwa kupinda, ukaligusa tao. Niliingiza ncha ya mwiko. Ikazama.

Nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Na mimi, badala ya kwenda kwa Padre, nikakoroga saruji, nikaujaza ule ufa, nikausawazisha, nikachukua ndoo ya chokaa nikapaka ukuta mzima mpaka ukang'aa. Nikajiambia ni ufa wa lipu. Nikajiambia nyumba mpya hukaa, hushuka kidogo kisha ikatulia. Ile haikuwa nyumba mpya. Padre akaingia, akasema, "Fundi, umetupendezesha!" Nikasema asante.

Alhamisi asubuhi ulikuwepo mstari mwembamba juu ya chokaa. Kama unywele.

Mzee Chande alinifundisha jambo moja la ufa, nanyi mlishike. Usibishane na ufa kwa macho. Chukua kipande cha kioo chembamba, kiweke kukatiza ufa, ukibandike kwa saruji upande huu na upande huu. Kisha subiri. Kioo hakivutiki. Kikibaki kizima, ufa umelala, ujaze uende zako. Kikivunjika, ukuta unatembea. Nilivunja kioo cha taa ya chemli yangu, nikabandika kipande nyuma ya pazia walilotundika kwa ajili ya Askofu. Kila saa nilipata sababu ya kupita pale. Nimesahau mwiko. Nimesahau kamba. Mzee Anselmi akasema, "Fundi, wewe utasahau kichwa."

Ijumaa kioo kilikuwa kizima. Nikaenda msikitini. Nimesimama kwenye safu, imamu anasoma, na mimi macho yangu yako kwenye ukuta wa kibla, kwenye kile kijumba cha mbele anamosimama imamu. Nikafikiri: sote tumeelekea ukuta mmoja. Wazee, wagonjwa, watoto. Hakuna anayeutazama kama ukuta, kwa sababu wamemwamini aliyeujenga. Nilipoinama kusujudu sikusikia dua, nilisikia mawe. Nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Mke wangu Zaituni akaniuliza, "Unaumwa?"

Nikamwambia yote. Akasema, "Kwa hiyo unasubiri kioo kikuambie jambo ulilokwisha kulijua Jumatano."

Jumamosi nilifika kanisani kunakucha. Nikasogeza pazia. Kioo kilikuwa vipande viwili, na kati ya vipande vile kidole kingepita.

Nilimkuta Padre Deodati anakunywa chai. Sikukaa.

"Padre, kesho watu wasiingie kanisani."

Alidhani natania. Nilipomweleza, kikombe akakiweka taratibu. "Askofu ameshafika Kilosa," akasema. "Unaniambia leo?"

"Nilipaswa kukuambia Jumatano. Niliuona ufa nikaufunika kwa chokaa. Niliona aibu."

Alisimama akaenda dirishani. Alikuwa kijana, ile ilikuwa parokia yake ya kwanza, na kuna wazee walishasema tangu mwanzo kwamba padre mtoto anawavunjia altare ya baba zao. Mgongo wake niliuona ukipanda na kushuka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mzee Anselmi aliitwa. Tukamwonyesha kioo. Niliuchimbua ufa kwa tindo mbele yake, chokaa ikaanguka, na mwanga wa nje ukaingia.

"Altare ndiyo iliyokuwa imelishika kanisa," nikamwambia. "Bruda alijua udongo wa hapa ni mbaya. Alijenga altare kuwa nguzo ya kuegemeza ukuta. Na ukuta huu ndio unaolishika tao. Uliniambia, Mzee. Sikusikia."

Mzee alikunja uso. "Mimi mwenyewe nilidhani alisema mambo ya imani," akasema. Kisha, baada ya kufikiri, "Labda alisema yote mawili." Akanigeukia. "Watoto wa kipaimara watapiga magoti wapi?"

"Hapa. Chini ya tao."

Alilitazama tao kwa muda. Yeye ndiye aliyepigania kila jiwe la mahali pale, na mimi nilingoja aseme Mungu atalinda. Akasema, "Basi tutoke nje."

Siku nzima ile tulikimbia. Mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, Mwislamu mwenzangu, akafungua ghala la pamba. "Ghala ni la kijiji," akasema, "na kijiji ni watu. Fagieni." Wanawake wakafagia, wanaume wakabeba mabenchi kwenye matope. Mimi na wengine wanne tukaingia kanisani na boriti za mninga, tukalitegemeza tao kutoka chini kwa zamu, watatu ndani na wawili mlangoni wakiangalia juu. Sharti langu lilikuwa boriti za miti, si za chuma. Chuma kinakatika kimya. Mti unalia kwanza.

Jumapili kipaimara kilifanyika ghalani, juu ya altare ya mbao, kwenye harufu ya pamba. Baada ya misa Askofu aliniita.

"Fundi, kanisa litaanguka lini?"

"Sijui, Baba Askofu."

"Litaanguka kweli?"

"Sijui."

"Angalau husemi uongo," akasema, akapanda Landrova yake.

Sasa jua likatoka. Jumatatu jua, Jumanne jua. Nilikuwa nimebandika kioo cha pili, kikakaa kizima kabisa. Watu wakaanza kunitazama vibaya. Mama mmoja alishona gauni la mwanawe miezi mitatu ili aingie nalo kanisani, akaingia nalo ghalani. Waliniita Fundi Kioo. Kwenye foleni ya duka la ushirika bwana mmoja alisema kwa sauti nisikie, "Mwislamu ametufukuza kanisani kwetu kwa kipande cha chupa." Ningejibu nini? Kanisa lilikuwa limesimama pale, jeupe, linang'aa kwa chokaa yangu.

Wanangu, niwaambie jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Jumatano ya wiki ile ya jua, nilipokuwa natawadha, nilijikuta naomba lianguke. Lianguke likiwa tupu, watu waone nilisema kweli. Nilimwambia Zaituni nikidhani atanionea huruma. Akaacha kupepeta mchele.

"Unaomba nyumba ya ibada ianguke ili usichekwe?"

Toka siku ile nikienda kazini naomba kinyume chake.

Alhamisi mvua ikarudi, ya kukaza. Nilikwenda nikakaa kwenye kizingiti cha kanisa, nimejifunika gunia. Si kwamba mtu alinituma. Mchana akatokea Mzee Anselmi na mwavuli, mkononi ameshika ile taa nyekundu.

"Baraza la parokia limeamua," akasema. "Jumapili tunarudi. Nakwenda kuitundika taa mahali pake."

"Mzee, usiingie."

"Kioo chako kimevunjika?"

"Bado."

"Basi nipishe."

Nikasimama nikatanua mikono mlangoni. Mtu wa umri wa baba yangu! Aliniambia, "Ramadhani, nisikuvunjie heshima, toka." Nikamwambia, "Nipige, Mzee, lakini huingii." Aliinua mwavuli. Naamini angenipiga.

Ndipo boriti ikalia.

Ni sauti kama mlango mkubwa unaofunguliwa pole pole. Ikalia ya pili. Mzee mwavuli ukamganda hewani. Tulitazama ndani, tukaona vumbi likishuka kutoka kwenye tao, jembamba, kama mtu anachekecha unga. Nilimshika Mzee kiunoni nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye matope. Ukuta wa mwisho ulikwenda nje, wote kwa pamoja, bila haraka. Kisha tao likakaa chini. Ardhi ikaruka. Nilipoinua kichwa niliona, kupitia mlango wa kanisa, mashamba ya mahindi upande wa pili.

Mzee Anselmi alikaa kwenye matope, taa bado ameikumbatia. Kioo chake hakikupasuka. Alisema, "Ngazi ya kutundikia taa iko pale," akionyesha mlima wa mawe. "Ningekuwa juu ya ngazi." Akaanza kulia, si kwa sauti. Mimi nami nikalia. Watu waliokuja mbio walidhani tunamlilia mtu aliyefukiwa, wakaanza kufukua mawe kwa mikono.

Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Haikuwa tamu hata kidogo. Yule bwana wa foleni alikuja kuniomba radhi, nikashindwa kumtazama usoni, maana yeye alinisema mimi tu, na mimi niliiombea mabaya nyumba nzima.

Tulijenga upya mwaka ule na uliofuata, siku mbili kwa wiki, kwa zamu za kijiji, Waislamu na Wakristo. Tulipochimba tukakuta msingi wa ukuta wa mwisho unafika magotini tu, umekaa juu ya udongo mweusi. Mara hii tulichimba mpaka kwenye changarawe. Kwenye shimo mtu mrefu alipotea kabisa. Nje tukajenga nguzo nne za kuegemeza ukuta, nene chini, nyembamba juu. Altare nikaipa msingi wake yenyewe, mbali na ukuta, isishike kitu na isishikwe na kitu. Na kila jiwe la Bruda nililoliondoa kwa kiburi nililirudisha kwenye zile nguzo. Kabla sijaweka mkono popote nilimwuliza Mzee Anselmi, "Bruda alisema nini kuhusu hapa?" Wakati mwingine alikumbuka neno la maana, wakati mwingine alikumbuka Bruda alivyopenda ndizi. Vyote nilisikiliza.

Mjue hivyo, vijana: mwenye nyumba hajui uashi, lakini amekaa na nyumba kuliko wewe. Na ufa ukiuona, mtu wa kwanza kujua baada yako awe mwenye nyumba. Aibu ya siku moja unaweza kuila. Ile ya kuua watu hailiki.

Siku ya kutabaruku kanisa Askofu alirudi. Akamwaga mafuta juu ya altare, akayapaka kwa kiganja mpaka jiwe likameta, na Padre Deodati akaweka kile kijiwe cha masalia mahali pake. Mimi niliwekwa benchi la mbele, pembeni ya Mzee Anselmi, nimevaa kanzu yangu ya Idi. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kwaya ilipoanza na ngoma, nilisikia mtikisiko ukipanda kutoka sakafuni, nikainua macho.

Mzee Anselmi akaniinamia sikioni. "Ramadhani, watu wote wanatazama altare. Wewe unatazama nini?"

"Ile kona ya kushoto, Mzee. Juu."

"Inasemaje?"

"Mpaka sasa iko kimya."

"Basi endelea kuitazama," akasema, akafumba macho akaanza kusali.